Kununua laptopu ya mtumba Kariakoo na kuipiga Linux: mwongozo wa mwenye stesheneri

Stesheneri yangu iko Mbagala Rangi Tatu. Ina kompyuta tatu, zote mitumba, na hakuna hata moja yenye Windows. Kutwa nzima zinachapa CV, zinaprinti barua za maombi, zinaingiza vijana kwenye Ajira Portal, na usiku mwanangu anasomea hisabati kwenye mojawapo. Mteja akichungulia kioo huuliza, "Dada, hii Windows gani?" Nikimjibu kwamba si Windows, ni Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, swali la pili huwa la bei.

Nimechoka kujibu vipande vipande juu ya kaunta huku mashine ya kopi inalia. Nimeandika yote hapa, kwa utaratibu ule ule ninaoufuata mimi mwenyewe ninapokwenda mjini kununua.

Ujue unachokitafuta kabla hujapanda daladala

Kosa ninaloliona sana ni la mtu kudunduliza hela miezi sita, kisha akanunua laptopu mpya ya bei ya chini kabisa kwa sababu ina boksi na nailoni kwenye kioo. Ukiigeuza ni Celeron, yaani prosesa (ubongo wa kompyuta) dhaifu, RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, GB 4 isiyoongezeka, na hifadhi ya GB 64 iliyogandishwa kwenye bodi. Baada ya mwaka imejaa, na fundi hana cha kubadilisha.

Mashine ya maana kwa hela hiyo hiyo ni ile iliyokaa mezani kwa karani wa ofisi Ulaya au Marekani. Kampuni za huko hubadilisha kompyuta kila baada ya miaka michache hata kama ni nzima, na zile kuukuu huuzwa kwa jumla, zikaja kwa makontena. Ziliundwa zifanye kazi siku nzima: bawaba ngumu, kibodi ya kuchapia kweli, na mfuniko wa chini unaofunguka kwa bisibisi ya kawaida.

Kuna jambo jingine limetuletea neema bila kukusudia. Microsoft ilisitisha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo, kwa utaratibu wake rasmi, inataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8. Maana yake ofisi nyingi zinaachana na mashine za kizazi cha 6 na cha 7 ambazo hazina ugonjwa wowote. Linux haiulizi kizazi. Anachokiona mwenzako ni taka, kwako ni kitendea kazi cha miaka mingine mitano.

Kizazi unakisoma kwenye jina la prosesa, si kwenye stika. Ukiona i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: cha 6. Ukiona i5-10210U, yenye tarakimu tano, soma mbili za kwanza: ni cha 10. Ukiambiwa tu "hii i7", hujaambiwa kitu. Kuna i7 za kizazi cha 2, za mwaka 2011, ambazo kwa kazi za ofisi zinaachwa nyuma na i5 ya kizazi cha 6 iliyotoka 2015, tena zinakula umeme zaidi. Stika ya i7 inabandukika na kubandikwa popote.

Majina ya kuulizia: HP EliteBook 840 G3, Lenovo ThinkPad T460, Dell Latitude E7470. Zote ni kizazi cha 6, na zote zina nafasi mbili za RAM. ThinkPad X260 ni ndogo na nzuri kubeba, ila ina nafasi moja tu, kwa hiyo ukitaka kuongeza lazima uitoe iliyomo. Lenga RAM GB 8. Ukipata 4 kwa bei nzuri, chukua, utaongeza baadaye.

Kama hela haitoshi vyote, nipunguzie kila kitu lakini usiniguse kwenye SSD, yaani diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Hadi diski (hard disk), ile ya zamani ya kuzunguka, ndiyo inayowafanya watu waseme kompyuta imezeeka. Yangu ya kwanza ilikuwa nayo: niliiwasha, nikaenda kufungua mlango wa pili na kufagia kibaraza, nikirudi bado inafikiria. Nilipoibadilisha nikaweka SSD ya GB 240, mashine ile ile ikawa inawaka kabla sijaweka mkoba chini.

Tengeneza flashi kwanza

Hatua hii wengi wanaiweka mwisho. Mimi naiweka mwanzo, kwa sababu flashi ya Linux ndiyo kipimo changu dukani.

Unahitaji flashi ya GB 8 au zaidi, ambayo haina kitu cha maana maana itafutwa yote, na kompyuta ya kuazima kwa saa mbili. Ingia kwenye tovuti ya Linux Mint, aina ya Linux ninayoitumia mimi, chagua toleo la Xfce kama mashine utakayonunua ni dhaifu, au Cinnamon kama ina RAM 8. Faili moja linakaribia GB 3, kwa hivyo nunua bando la usiku au nenda mahali penye waifai ya uhakika. Watumiaji wapya huuliza mbona si Ubuntu, aina nyingine ya Linux. Ubuntu ni nzuri, na Mint yenyewe imejengwa juu yake, ila mpangilio wa Mint unafanana na Windows ya zamani: menyu chini kushoto, saa chini kulia. Kwa mtu aliyezoea Windows 7 hakuna cha kumfundisha siku ya kwanza.

Faili likishashuka, hakikisha limefika zima. Bando likikatika njiani unaweza kubaki na faili bovu linaloonekana zima. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, ingia kwenye folda lilipo, andika:

`certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256`

Utapewa mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu. Ulinganishe na ule ulio kwenye tovuti ya Mint. Ukitofautiana hata herufi moja, shusha upya. Kisha tumia programu ya Rufus au balenaEtcher kuliandika faili hilo kwenye flashi. Kulikopi tu kama wimbo hakufai, mashine haitawaka nalo.

Kariakoo

Nenda asubuhi, siku ya kazi. Jumamosi mchana hakuna muuzaji atakayekupa dakika ishirini za kupima.

Hujamaliza kuvuka Msimbazi utakuwa umeshapokelewa. "Dada angu karibu, laptopu? i7 ipo, moto wa kuotea mbali." Huyo ni winga. Winga hana duka, ana miguu na maneno, na bei atakayokutajia ina cha juu chake ndani. Simsemi vibaya, mji huu kila mtu anakula kwa jasho lake, na winga mzuri anajua duka gani limefungua kontena jana. Lakini kama ni mara yako ya kwanza, mwambie asante, ingia mwenyewe duka hadi duka, ulizia mashine moja ile ile kwenye maduka manne. Utaiona bei inavyojipanga. Ya kwangu ya mwisho nilianziwa 450,000, nikaondoka nayo kwa 350,000 pamoja na chaja.

Mwambie muuzaji unataka kuiwasha kwa flashi yako. Anayekataa, shukuru, uondoke. Chomeka flashi, washa, na bonyeza mara kwa mara F9 kama ni HP, F12 kama ni Lenovo ya ThinkPad au Dell. Itatokea orodha, chagua flashi. Baada ya dakika moja au mbili utakuwa ndani ya Linux nzima inayotembea kutoka kwenye flashi, bila kugusa diski ya mwenye duka.

Sasa pima. Fungua dirisha la amri, andika `lscpu` uone prosesa ya kweli, kisha `free -h` uone RAM ya kweli. Halafu `upower -d`, na utafute mistari ya betri: energy-full-design ni ujazo iliyozaliwa nao, energy-full ni ujazo iliyobaki nao leo. Ikiwa ya pili ni chini ya nusu ya ya kwanza, betri imechoka, na hiyo ni hoja yako ya kupunguziwa bei. Wauzaji hushtuka kidogo wakiona mteja anasoma betri kwa tarakimu. Fungua programu inayoitwa Disks, bofya diski, angalia taarifa za afya yake za SMART.

Washa hotspoti ya simu, uone kama waifai inashika. Chezesha video, usikie spika. Fungua kamera. Fungua programu ya kuandikia na ubonyeze vitufe vyote kimoja kimoja, usione aibu. Pitisha kipanya kwenye kila tundu la USB. Jaza kioo rangi nyeupe utafute madoa.

Na kuna kipimo ambacho nilikilipia ada. Mashine yangu ya pili niliinunua kwenye duka ambalo sitalitaja, nikaipima kila kitu nilichokiorodhesha hapo juu, nikafika nayo nyumbani kwa furaha. Nilipotaka kubadilisha mpangilio wa kuwakia, ikaniomba paswedi ya BIOS, ile programu ndogo ya ndani inayoiwasha mashine kabla ya Windows au Linux. Kampuni iliyokuwa nayo huko ilikotoka iliifunga na kuiuza hivyo hivyo. Niliporudi dukani nikaambiwa, "Mama, si inawaka lakini?" Nilizunguka kwa mafundi wiki mbili, mwishowe mmoja akaandika upya chipu ya BIOS, na bei yake ikanila faida yote ya mtumba. Kwa hiyo: kabla ya kutoa hela, zima, washa tena, ingia BIOS kwa F10 kwenye HP, F1 kwenye ThinkPad, F2 kwenye Dell. Ukiombwa paswedi na muuzaji haijui, usiinunue hata kwa nusu bei.

Dai risiti ya EFD, na mwambie muuzaji aandike serial namba na siku za garantii. Ukikutana na askari njiani usiku na laptopu mkononi, risiti ndiyo itakayokusemea.

Kuipiga

Nyumbani, kama mashine ilikuja na Windows na kuna mafaili ya mtu ndani, usiyachungulie, futa. Washa kwa flashi tena, na mara hii bofya alama ya kusakinisha iliyo juu ya meza ya kioo. Maswali ni machache. Mahali, chagua Dar es Salaam kwenye ramani ili saa ikae sawa. Kubali kuwekewa kodeki, yaani viprogramu vya kuchezea video na muziki. Kwenye diski, chagua kufuta yote na kusakinisha Mint. Chagua hivyo pale tu unapokuwa na hakika kwamba hakuna kitu cha kuokoa, maana hapo hakuna kurudi nyuma.

Swali linalowakwaza watu ni la kibodi. Laptopu nyingi zinatoka Uingereza, na kibodi ya Uingereza si ya Marekani. Itazame: kama alama ya kufungulia usemi iko juu ya 2, na @ iko karibu na kitufe cha Enter, chagua English (UK). Ukikosea hapo utapata mteja anayelalamika kwamba barua pepe yake haiandikiki, kumbe kila akibonyeza @ inatoka alama nyingine. Za Ujerumani zina Z mahali pa Y. Za Dubai mara nyingi zina herufi za Kiarabu pembeni, hizo hazina tabu.

Kwa SSD kazi yote haifiki nusu saa. Ikikuambia uchomoe flashi na ubonyeze Enter, fanya hivyo.

Siku ya kwanza ya kazi

Fungua Update Manager uvute masasisho, kwa bando lenye nafasi, maana mara ya kwanza ni mengi. Baada ya hapo unachagua mwenyewe siku ya kuvuta. Hakuna kushtukia bando la elfu mbili limeliwa kimya kimya wakati unasubiri mteja.

LibreOffice inakuja nayo. Inafungua mafaili ya Word na Excel na kuyahifadhi hivyo hivyo. Shida ni fonti. Chuo kinataka Times New Roman 12, na Linux haina fonti hiyo kwa sababu ya leseni, badala yake ina Liberation Serif yenye upana ule ule wa herufi, kwa hiyo kurasa hazihami. Ukiitaka yenyewe, andika:

`sudo apt install ttf-mscorefonts-installer`

Na kwa kuwa tunaandika Kiswahili, ongeza na hii ili uandishi usichorewe mstari mwekundu kila neno:

`sudo apt install hunspell-sw`

Hapa nisimame kidogo. Kamusi na menyu za Kiswahili hazikudondoka mbinguni. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, pamoja na Waswidi, walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. OpenOffice ndiyo iliyozaa LibreOffice mwaka 2010. Hilo liliwezekana kwa sababu programu ni huria: yeyote anaruhusiwa kuifungua, kuitafsiri, kuigawa. Watu huchanganya huria na bure. Windows ya kukraki, yaani iliyovunjwa kufuli la leseni, nayo ni bure, ila si yako, na kile kiprogramu cha kuikraki hujui kimeandikwa na nani wala kinafanya nini usiku. Mint unaiweka kwenye mashine kumi, unamgawia jirani flashi, na hakuna sheria uliyovunja.

Kabla ya kutuma kazi kwa mtu mwingine aiprinti, itoe kwanza kwa PDF. Mpangilio wa jedwali ukiharibika, uharibikie mbele yako.

Printa: za HP nyingi zinakubali zenyewe ukizichomeka. Za Epson za wino wa kumimina, jamii ya L, zina draiva za Linux. Zile Canon ndogo za zamani kama LBP2900 zinasumbua, nilishinda na moja siku nzima nikaishia kuiuza. Kama bado hujanunua printa, peleka flashi yako ukaijaribu papo hapo.

Na niseme ukweli mchungu: kama kazi yako ni Photoshop, AutoCAD au Tally ya hesabu za biashara, baki na Windows. GIMP na Inkscape, programu za picha na michoro za kwenye Linux, mimi zinanitosha kwa mabango ya harusi na kadi za michango, lakini mchora ramani za nyumba anayepokea mafaili ya AutoCAD kila siku atateseka bure.

Flashi za wateja

Mwenye stesheneri yoyote anaujua ugonjwa wa shotikati. Mteja anachomeka flashi, folda zake zote zimegeuka shotikati, akibofya moja kompyuta yako nayo inaugua, na kila flashi itakayofuata inaondoka nao. Mwaka jana alikuja binti wa chuo, jasho linamtoka, ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo ilikuwa kwenye flashi ya namna hiyo na alishaambiwa sehemu mbili kwamba imefutika. Nilipoichomeka kwenye Mint, shotikati zilikaa pale kama mizoga, haziwezi kufanya lolote kwa sababu zimeandikwa kwa ajili ya Windows. Pembeni yake kulikuwa na folda moja isiyo na jina. Windows huificha, Linux haikujali kuificha. Ndani yake mlikuwa na kila kitu, ripoti na picha za mahafali ya dada yake. Alitoa elfu tano, nikamrudishia tatu.

Umeme

Kama unachagua kati ya laptopu na kompyuta ya mezani, piga hesabu ya LUKU. Ya mezani pamoja na kioo chake ikila wati 100, kwa saa kumi ni uniti moja kamili. Laptopu ya wati 20 ni sehemu mbili za kumi za uniti. Kwa siku 26 za kazi, ni uniti 26 dhidi ya 5 na ushee. Zaidi ya hapo, umeme ukikatika katikati ya barua ya mtu, laptopu inaendelea.

Mtoto na bando lisilokuwepo

Mwaka 2005 Nicholas Negroponte wa Marekani aliahidi laptopu ya dola 100 kwa watoto wa nchi kama yetu. Ilipotoka bei ilikaribia dola 200, na serikali nyingi hazikununua kwa wingi uliotarajiwa. Mtumba wetu leo unampa mtoto zaidi ya kile kilichoahidiwa, mradi uijaze vitu.

Sakinisha Kiwix, programu ya kusomea tovuti zilizohifadhiwa, kisha shusha Wikipedia ya Kiswahili kama faili moja. Ni ndogo ukilinganisha na ya Kiingereza, ambayo pamoja na picha ni takribani GB 100. Ukishaishusha, inasomeka bila intaneti kabisa. Halafu weka Kolibri, programu ya kujifunzia, ambayo ina menyu za Kiswahili na masomo yenye video na mazoezi. Shusha somo moja moja, si chaneli nzima, la sivyo diski itajaa wiki ya kwanza.

Kolibri ina uzuri mwingine. Kompyuta moja ikiwa nayo, na kukawa na ruta hata isiyo na intaneti, simu za watoto wengine zinaingia kwa kivinjari kwa kuandika anwani ya kompyuta hiyo, nukta mbili, kisha 8080. Jumapili jioni, nikishafunga, watoto wa jirani wanakaa kibarazani kwangu na simu za mama zao, wote wanavuta kutoka kwenye laptopu moja juu ya kaunta.

Ile hadi diski ya zamani uliyoitoa usiitupe. Nunua kava lake la USB, iwe ya kuhifadhia nakala za kazi zako kila Ijumaa. Na flashi ya Mint usiifute: mashine ikigoma kuwaka siku moja, utaiwasha kwa flashi hiyo na kuyatoa mafaili yako kabla hujamwita fundi.